Sanduku la Randa Lililoitwa la Nyoka

Tangu nirudi, kila anayepita hapa kwangu ananiuliza neno lilelile: ilikuwaje? Nimewajibu watu barabarani, kisimani na nje ya kanisa, na kila mmoja ameondoka na kipande chake akaenda kukiongezea chumvi. Sasa nimekaa chini niandike safari yote tangu tulipotoka Geita mpaka tuliporudi, anayetaka kujua asome au asomewe, na asinisumbue tena. Mambo ya vibali na tikiti sitayagusa. Hayo hayana utamu, na kila mtu anajua yalivyo.

Geita mpaka Mwanza

Sisi tulikuwa maseremala wanne katika karakana ya mgodi. Kazi ilipopungua tukaambiwa twende nyumbani, na zana zikabaki ndani kwa sababu ni mali ya mgodi. Nilitoka getini mikono mitupu, nikajiona kama mtu ambaye hajawahi kujua kazi yoyote. Misheni ya hapa kwetu ikatuahidi madawati na milango ya shule mpya kwa sharti moja, kwamba tuje na zana zetu wenyewe na tuanze kabla ya mavuno. Tukichelewa, kazi inakwenda kwa mafundi wa mjini. Tukachanga kila tulichokuwa nacho. Mwenzetu mmoja aliuza ng'ombe wake wa mwisho, na mkewe akamnunia hata chumvi akawa hampi.

Nikachaguliwa mimi kwenda kununua, pamoja na Idi. Kwa asiyemjua, Idi ni Mnyamwezi wa Tabora, fundi mzuri wa viti, na mdomo wake haujawahi kupumzika tangu azaliwe. Mimi ni mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Waliotuchagua walidhani tutasawazishana.

Tulivuka ghuba kwa boti tukafika Mwanza tukiwa tumelowa mpaka kiunoni. Dukani tukaonyeshwa randa moja mpya kutoka Uingereza, imefungwa katika karatasi yake ya mafuta. Muuzaji alipotaja bei nilidhani anataja bei ya duka zima na nyumba iliyo nyuma yake. Nikamwomba arudie. Akarudia bila haya. Idi akamuuliza kama ndani ya randa hiyo kuna mtu anayefanya kazi, maana kwa bei ile sisi tungekaa kitako tu. Karani mmoja aliyekuwa pale akatucheka, kisha akatuonea huruma. Akatuambia Dar es Salaam kuna ghala la Mhindi mmoja anayeleta zana za Ulaya zilizokwisha tumika, na anaziuza kwa ratili, kama mtu anavyouza vitunguu.

Ndani ya gari moshi

Daraja la tatu ni benchi la mbao, na seremala akikalia benchi baya anaumia mara mbili. Tulikaa Tabora tukisubiri behewa letu liungwe na treni ya Dar es Salaam, tukasubiri mpaka mama muuza mayai akatujua kwa majina. Asali ya Tabora tuliila kwa vidole. Idi akapita kusalimia ndugu zake, akarudi na kuku wa kukaanga ndani ya majani ya mgomba, nikaona safari sasa imekuwa safari.

Kuku yule sikumla. Dodoma alipanda mtu mzima mwenye shuka begani, akatusikia tukizungumza, akauliza: "Nyie ni Wasukuma?"

"Mimi Msukuma, huyu Mnyamwezi," nikamjibu kwa adabu.

Alinyoosha mkono, akatwaa kuku mzima mapajani mwangu, akakaa mbele yangu akaanza kula. Nilisimama nikunje ngumi, na Idi akanivuta shati huku anacheka mpaka machozi.

"Kaa chini, Baba Shija. Huyu Mgogo. Ni mtani wako."

"Mtani ndiyo ale chakula changu?"

"Ndiyo. Na ukikasirika anakula na cha kesho."

Yule Mgogo akaniuliza kama nimesahau pilipili nyumbani. Nilikuwa nimesikia habari za utani wetu na Wagogo tangu utoto, ila sikuwahi kuuona ukiramba mifupa. Behewa zima lilikuwa likitazama jinsi nitakavyofanya, nikakaa, nikalala njaa.

Ghalani

Ghala lenyewe lilikuwa nyuma ya bandari, giza, linanuka kutu na mafuta ya taa. Mhindi mwenyewe alikuwa mzee mpole, akatuamkia kabla hatujamwamkia, akatufungulia makasha. Jamani, nilisahau njaa. Randa ndefu na fupi, misumeno ya meno manene na meno madogo, patasi za kila upana, keekee za kutobolea, jiliwa za kubania mbao. Chuma chake ukikigonga kwa ukucha kinaimba. Mipini ilikuwa imelainishwa na viganja vya watu mpaka inang'aa.

Nikachukua randa moja nikaigeuza kuitazama mbele. Palikuwa na jina la mtu limegongwa kwenye mti. Chini yake jina jingine. Chini ya hilo, la tatu.

"Hawa ni nani?" nikamuuliza.

"Wenyewe," akasema. "Fundi wa kwanza alikufa, akanunua wa pili. Wa pili akafa, akanunua wa tatu."

"Na wa tatu?"

"Amekufa. Mwanawe anafanya kazi kiwandani, hataki randa."

Kwetu mtu akifa, kitu cha mkononi mwake kina wenyewe, kinakabidhiwa mbele ya ukoo. Hapa ukoo mzima wa mafundi umeachwa kwenye kasha, unapimwa kwa mizani pamoja na kutu yake. Nilimwambia Idi mimi siwezi. Idi akaniuliza kama naweza kurudi Geita kumwambia yule mwenzetu kuwa ng'ombe wake ameishia kwenye nauli. Basi nikanunua. Tulichagua mpaka mikono ikawa myeusi, na mizani ilipotulia tulikuwa na zana za kuwatosha mafundi wanne. Bei yake Mwanza isingetupa hata randa mbili. Yule mzee akatuongezea jiwe la kunolea bila kuombwa.

Tulizipanga ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko cha kuteleza, tukapiga misumari na kulifunga mikanda ya bati. Idi akatoboa matundu machache pembeni ili unyevu usiozeshe chuma. Matundu hayo ndiyo yaliyotuponza.

Kurudi mpaka Shinyanga

Ndani ya treni kulikuwa na fundi cherehani wa kwenda Tabora, amefunga kichwa cha cherehani yake kwa kanga na kukisukuma chini ya benchi. Mchana kweupe, watu wamejaa, aliinama kuchukua maji yake, na kanga ikawa imelala bapa. Hapakuwa na kitu ndani. Aliitandaza sakafuni, akaikunja, akaitandaza tena, kama vile mashine ingeweza kuwa imejificha katika mikunjo. Kisha mtu mzima yule alilia mbele ya wanawake. Nikalitazama sanduku letu na kuona kila mtu behewani ana sura ya mwizi.

Idi aliona nilivyobadilika rangi. Alisimama, akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: "Ndugu zangu, mtusamehe tu kwa sanduku hili. Huyu mwenzangu ni Myeye. Watoto msiwakaribishe kwenye matundu."

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Wayeye ni chama cha ngoma huku Usukumani, wanacheza na nyoka, chatu na swila, na wanawabeba kwenye masanduku yenye matundu. Wanajua pia dawa ya kuumwa na nyoka. Dawa hiyo ni siri ya chama, hata mwanachama ukimuuliza barabarani hakubali kwamba anayo.

Watu walihama benchi letu kama vile limeshika moto. Tukapata nafasi ya kulala kwa kunyooka. Nilimkanyaga Idi mguu, nikamwambia uongo wa namna hiyo haufai. Akaniambia nipumzike, asubuhi nitamshukuru. Bibi mmoja aliyekuwa ng'ambo akaninong'oneza: "Baba, wamo wangapi?"

"Bibi, ni randa. Zana za useremala."

Akatikisa kichwa kwa heshima. "Ndivyo mnavyosemaga," akasema, akasogeza kikapu chake mbali zaidi.

Nikasema kweli tena kwa mlinzi wa treni, na kwa kijana wa chai. Kila niliyemwambia ni randa alizidi kuamini ni nyoka. Nilianza kuogopa, lakini nikiri na hili: sanduku halikuguswa.

Lori

Shinyanga tukashushwa sote. Mvua ilikuwa imesomba tuta la reli huko mbele na treni haiendi Mwanza. Watu walijaa stesheni, wakiwamo vijana wa migodi ya almasi ya upande wa Songwa na magodoro yao. Tulikula ugali wa mtama kwa mlenda na maziwa ya mgando, kisha tukapata lori la mfanyabiashara wa pamba linalopita Kahama mpaka Geita. Dereva wake, Salumu, alikuwa mtu wa pwani, mcheshi, hadi aliposikia habari za sanduku. Habari zilikuwa zimefika kabla yetu. Akaliweka peke yake nyuma kabisa, akafunga turubai mara mbili, na hakutaka kunipa mkono.

"Salumu, nikufungulie uone," nikamwambia.

"Usithubutu," akasema. "Nina watoto."

Ningesisitiza pale. Ila misumari ilikuwa imepigwa sana, watu wengi, vibaka wengi, na Idi alikuwa akinikonyeza. Tukapanda.

Matopeni, mbele ya Kahama

Tulipita Kahama salama. Mbele yake, kwenye mbuga ya udongo mweusi, lori lilizama mpaka kwenye ekseli. Tulikata matawi, tukasukuma, tukachimba, likazidi kukaa. Siku zikapita. Waendesha baiskeli waliobeba tumbaku na samaki wakavu walitupita pembeni huku baiskeli zao wamezibeba mabegani, wakitusalimia na kuuliza lori la Myeye ndilo hili. Idi safari hii hakucheka. Kijiji cha jirani kilitulisha michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na mimi nikawa napewa sahani yangu peke yangu, kubwa kuliko za wengine.

Mchana mmoja tulisikia mwanamke akilia kutoka mashambani. Alikuja mbio, mtoto mgongoni, watu nyuma yake. Alikuwa Mama Kulwa, ndiye aliyekuwa akitupikia. Mtoto alikuwa Doto, pacha wa pili. Alimlaza miguuni pangu, akapiga magoti kwenye tope. Juu ya kifundo cha mguu palikuwa na matundu mawili na uvimbe.

Siwezi kueleza nilivyoshtuka. Masikio yaliziba. Nilimsikia Mama Kulwa kwa mbali akisema, "Baba, nakuomba, baba."

"Mama, mimi si Myeye. Mimi seremala. Tumpeleke Kahama hospitali."

"Nitakupa mbuzi."

"Sitaki mbuzi, mama. Sina dawa."

"Ng'ombe basi. Baba yake atakuletea ng'ombe." Kila nilipokataa alipandisha. Alidhani nakataa kwa sababu hajafikia bei ya chama. Nikamgeukia Idi, nikamwambia: "Waambie." Idi akawaambia, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, kwamba alitunga yeye, kwamba hakuna nyoka. Wazee wakamtazama kama mtu aliyetumwa kusema. Hapo nikachukua shoka la Salumu nikavunja mikanda, nikang'oa misumari, nikatelezesha kifuniko mbele yao wote. Watu walikimbia. Waliporudi mmoja mmoja niliwatolea randa, nikawatolea misumeno, nikapanga vyote juu ya turubai.

Kisha mzee mmoja akasema polepole, "Amewageuza chuma."

Nililia kwa hasira. Salumu wakati huo alikuwa ameufunga mguu kwa kitambaa na kutafuta mwenye baiskeli wa kumpeleka mtoto Kahama. Kabla hajampata, Mama Kulwa alikwapua patasi moja pana na kuilaza juu ya jeraha. Nikamwambia, "Mama, hicho ni chuma tu." Akaishikilia kwa mikono miwili, hakunisikia. Tulikaa pale sote tukimtazama mtoto akipumua.

Doto hakufa. Huenda nyoka yule hakuwa na sumu, au meno hayakuingia sawasawa, mimi sijui. Jua lilipokaribia kuzama alifumbua macho akaomba matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha. Mama yake akatoa sauti ambayo bado naisikia. Watu wakapiga vigelegele, wakaja kunigusa mabega, na mwenye baiskeli ambaye Salumu alikuwa amempata mwishowe ampeleke mtoto Kahama akasema kwa kuwa hahitajiki tena, yeye anaendelea na safari yake. Alikuwa anakwenda kaskazini, njia ya Geita. Nilimkimbilia, nikamshika usukani.

"Ukifika usiseme kitu. Umesikia? Mimi ni seremala."

"Nimesikia, baba," akasema, na akainamisha kichwa. Nilijua kabisa kwamba hajasikia.

Nyumbani

Udongo ulipokauka tukatoka. Salumu alitushusha karibu na uwanja wangu, na safari hii alinipa mkono. Tulibeba sanduku, mimi mbele, Idi nyuma. Tulipopinda kwenye ua wa minyaa niliona watu wamekaa chini, wanawake upande wao, wanaume upande wao, kama msibani. Nilidhani ni mwanangu Shija. Mke wangu akaja haraka akanishika mkono, akaniambia Shija mzima, yuko kwa bibi yake. "Ni wageni," akasema. "Wametoka upande wa Bukoli. Wamekusubiri."

Katikati ya uwanja palikuwa na kitanda cha kamba, na juu yake mtu amefunikwa shuka mpaka kichwani.

Mwanamume mmoja akasimama kunipokea. Alikuwa rika langu, miguu yake imepasuka kwa kutembea. "Mwadila, baba," akanisalimu, kwa upole kabisa. Akanieleza kwamba aliyelala pale ni mdogo wake, aliumwa na nyoka akipalilia pamba, wakasikia kwa mwenye baiskeli kwamba yule Myeye mwenye chuma cha Ulaya anaingia Geita. Wakambeba. Walifika mke wangu akawaambia bado sijarudi, wakakaa kungoja, naye akawafia hapohapo.

"Mlipita wapi?" nikamuuliza. Nilijua njia ni moja.

"Hapo misheni. Dresa wa zahanati alitoka getini. Alinishika mkono kabisa, akasema mwingizeni, dawa ipo. Nikamwambia tunampeleka kwako." Akalinyoosha shuka la mdogo wake. "Hatukulaumu, baba. Ni barabara iliyokuchelewesha."

Nilikaa chini. Mke wangu alikuwa amewaambia na yeye kwamba mumewe ni seremala, na walimkubalia kwa heshima, wakaendelea kungoja. Idi alikuwa bado amesimama ameshika upande wake wa sanduku, mdomo unacheza bila kutoa neno. Mwisho akalitua, akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

"Naweza kuona?" yule ndugu akauliza.

Nikatelezesha kifuniko. Zana zote zilikuwamo, hata patasi moja haikupotea njiani. Alichuchumaa, akatoa randa, akaigeuza.

"Hii ya nini?"

"Ya kulainisha mbao."

"Na hii?"

"Ya kuchonga tundu."

"Hii?"

"Ya kutobolea. Unazungusha hivi."

Aliuliza moja baada ya nyingine, na mimi nikamjibu, na kila alichokitoa alikirudisha mahali pake. Alipomaliza alibaki ameshika ukingo wa sanduku, akilitazama ndani.

"Mama haoni vizuri, hakuweza kuja," akasema. "Nikirudi ataniuliza tulimfikisha kwa nani. Nimwambie nani?"

"Mwambie kwa seremala."

"Seremala," akasema. Akafunga kifuniko yeye mwenyewe, taratibu, akainuka na kuwaita wenzake waje kubeba kitanda.